Besi Anayepumua kwa Zamu

Jumatatu, 14 Aprili 2025
Mazoezi ya kwaya. Nimesinzia nimesimama. Kuamshwa tu, kifua kikabana, nikavuta dawa ya pumu mbele ya watu. Gervas, besi mwenzangu anayeimezea mate solo yangu ya Pasaka, akauliza kama mimi ni mwimbaji au mashine ya kukoboa mpunga. Mwalimu Specioza kaamua: bila cheti cha daktari, solo anaimba Gervas.

Mke wangu Yustina anadai nikilala nakoroma, kisha pumzi inakatika, naye anabaki akisikiliza kama nitarudi. Nimemwambia ni pumu tu. Kasema pumu haikoromi.

Jumanne, 15 Aprili
Daktari atanipandisha kwenye mizani. Mizani na mimi hatuelewani. Nimemtuma hospitali badala yangu binamu yangu Anicet, aliyekuja na dagaa kutoka Ikola. Mwembamba kama kasia. Atajiandikisha kwa jina langu. Ujira: viatu vyangu vya kanisani.

Jumatano, 16 Aprili
Ushindi. Cheti kinasema kifua safi. Ila daktari kaandika pia kwamba uzito wangu ni mdogo mno. Niongeze mayai, karanga na maziwa. Agizo la daktari si la kubishia.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili
Parokia nzima imefunga. Mimi mayai, karanga, maziwa. Mgonjwa amesamehewa kufunga, hata padri anajua. Yustina kauliza, "Baba Edgar, huyo daktari alikuona wewe, au alisimuliwa?" Nilikuwa natafuna.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili
Nilisinzia wakati wa mahubiri. Kipaza sauti cha solo kilikuwa mdomoni pangu. Naambiwa mkoromo ulitoka spika zote. Kisha ukakatika. Padri akanyamaza. Kanisa likangoja. Yustina akaja mbio kutoka upande wa akina mama, kiatu kimoja kimebaki njiani, akanitikisa. Nikarudi kwa mkoromo mmoja mrefu. Mtoto fulani akapiga makofi.

Gervas kaimba solo. Kaimba vizuri. Inauma kuandika hivyo. Specioza kasema ya Pentekoste nitaipata nikitibiwa kweli.

Jumanne, 22 Aprili
Yustina kanipeleka hospitali kanishika mkono, kama mwizi. Daktari kaangalia cheti, kaniangalia, karudia cheti. Kacheka peke yake.

Kisha kaeleza. Unene, pumu na kukatika pumzi usingizini mara nyingi hutembea pamoja. Unene hulibana koo na kukilemea kifua. Pumzi ikikatika usiku, pumu hukorofika. Pumu isipotulia, usingizi nao huharibika. Nipunguze uzito, nisiache dawa, na nipimwe: nitalala na kifaa kinachonasa pumzi ikikatika. Yustina kauliza kama mtu anaweza asirudi. Daktari kasema ndiyo maana tunapima. Yustina kalia kidogo.

Nimekubali kwa unyenyekevu. Kipimo ni Alhamisi, na solo ya Pentekoste inategemea majibu. Nimeshanunua kahawa. Nitakesha mpaka asubuhi. Hakuna kifaa cha kumkamata mtu ambaye hakulala.