Godoro la Kwenye Pikapu

Jumatatu, 4 Agosti

Kijumba kimekamilika! Seremala amekifunga nyuma ya pikapu yangu kwa boliti nane. Kina dirisha upande wa kulia, kabati la jiko upande wa kushoto, na mlango wenye komeo la ndani. Nimekizunguka mara kumi na mbili. Jirani amechungulia ukutani, akauliza kama naanza biashara ya kuku. Wivu tu.

Mpango: Jumamosi naenda ziwani na mke wangu, siku mbili, tulale humohumo. Miaka ishirini na miwili ya ndoa na hatujawahi kusafiri wawili tu. Kila safari ni msiba au harusi ya mtu. Nataka nimwone akinywa chai bila mtu wa kumwita dirishani. Basi. Sijataka makubwa.

Kikwazo: mwanyumba wangu, yaani yule aliyemwoa dada wa mke wangu. Naye anaenda ziwani Jumamosi hiyohiyo! Ameweka vyumba viwili nyumba ya wageni, na kamwambia mke wangu kimoja ni chetu. Kina godoro la springi. Nani kamtuma?

Mke wangu amepanda kijumbani, akakaa juu ya ubao mtupu wa kulalia, akashuka. Yeye ni muuguzi, anasimama zamu nzima. Kasema mgongo wake si gunia la mkaa. Kisha sharti: Ijumaa mchana atajilaza humo saa nzima. Mgongo ukinyamaza, anakuja na mimi. Ukilalamika, anapanda gari la dada yake na analala kwenye springi.

Saa moja tu! Mimi ni mkaguzi wa mizani na vipimo, mwaka wa kumi na tisa huu. Nimefunga maduka kwa kosa la nusu sentimita. Kipande cha godoro kitanishinda?

Jumanne, 5 Agosti

Sufi! Jibu lilikuwa ndani ya nyumba siku zote. Nimekusanya mito yote, kumi na mmoja, nikaichana, nikamwaga sufi ndani ya mashuka mawili niliyoyashona mwenyewe pembeni. Mshono wangu ni mzuri, ila umeipitia na suruali niliyovaa. Nimeikata suruali.

Nimejilaza. Sufi yote ikakimbilia kando, katikati nikabaki na ubao. Nikaanza kupiga chafya. Chafya ya saba ikapasua mshono. Nikafungua dirisha nipate hewa, na upepo nao ukaingia. Kosa.

Uani kote kumekuwa kweupe. Nguo za jirani zilikuwa kwenye kamba, bado mbichi. Ameuliza kama hao kuku nimeshaanza kuwachinja.

Mke wangu karudi kazini, akauliza mto wake uko wapi. Nikamwambia umeenda mbele, utatusubiri safarini. Amelalia taulo, uso ukutani.

Mito imenishinda, sawa. Hewa je?

Jumatano, 6 Agosti

Fundi wa pancha amenipa mipira sita ya ndani ya matairi ya lori. Tumeijaza upepo, tukaipanga, nikatandika shuka juu. Nimejilaza saa nne asubuhi kwa majaribio. Raha! Mwili ulikuwa unaelea. Nikapitiwa na usingizi hapohapo.

Sikufikiria jua. Pikapu iliachwa juani, na upepo ndani ya mipira ukapata moto. Nimezinduka saa saba, pua imegusa dari. Tumbo nalo limegusa dari. Sikuweza kugeuka, kuinuka wala kushuka. Nimepiga kelele kwa heshima, kwanza taratibu.

Aliyekuja ni nani? Mwanyumba! Alikuja kutuletea picha za nyumba ya wageni. Akachungulia dirishani, akauliza kama napumzika vizuri. Nikamjibu vizuri sana. Akakaa robo saa nzima akinionyesha godoro la springi kwenye simu, picha moja moja, na nyingine akaikuza nione mishono. Akaniuliza kama nahitaji msaada. Nikakataa. Baada ya dakika tano nikauomba.

Akafungua vali. Mpira ukatoa mlio ambao mtaa mzima umeusikia, na najua wanamdhania nani. Miguu yangu haijagusa chini, tayari alikuwa anaongea na mke wangu kwenye simu. Nimemsikia akisema, "Shemeji, usiwe na wasiwasi, anapumua."

Alhamisi, 7 Agosti

Utani basi. Sasa ni utaalamu. Nimekwenda kwa fundi magodoro, anayekata sponji kwa umbo lolote. Alitaka kuja kupima mwenyewe. Kupima! Mbele yangu! Nimeunganisha magazeti kwa gundi, nikachora umbo la sakafu ya kijumba, na kona ya kabati nimeiondoa. Kila mstari umenyooka. Nikampelekea, nikasimama mlangoni mpaka akakata.

Godoro limefika alasiri. Zuri, nene shibiri nzima, gumu kiasi. Ila kona iliyokatwa iko kulia. Kabati liko kushoto!

Nimempigia simu. Kasema amefuata karatasi yangu. Nikamwambia karatasi yangu haikosei. Akasema, "Mzee, we ligeuze tu..." Nikamwambia ageuze kwanza tabia yake, nikakata simu. Amepiga mara tatu zaidi. Sijapokea. Aibu imemshika.

Suluhisho ni moja: kuhamisha kabati. Nimemwomba seremala msumeno. Kaniuliza wa nini, nikamweleza, akafunga duka. Nimetumia kisu cha mkate. Kazi ya saa tatu nzima. Kabati sasa limesimama kwa mguu mmoja na kisu kimeisha meno.

Kesho ndiyo Ijumaa. Roho iko juu juu.

Ijumaa, 8 Agosti

Mke wangu karudi saa nane. Amelitazama kabati. Amelitazama godoro, nililokuwa nimeliegemeza ukutani. Hakufoka. Ameuliza neno moja tu: "Umeligeuza?"

Nikamweleza kwamba godoro lina juu na chini, na kwamba mchoro wangu ulikuwa na upande wake. Hakusubiri nimalize. Ameshika pembe mbili, akalipindua chini juu, akalisukuma ndani. Likaingia lote. Kona ikakaa palepale penye kabati, au palipobaki kabati.

Nimemwambia hivyo ndivyo nilivyokusudia.

Kaazima mto kwa jirani, katandika shuka na blanketi lake, kajilaza. Nimekaa nje na saa mkononi. Saa moja, kimya. Saa mbili, kimya. Ilipotimia ya tatu nikagonga. Amesema nimwache, mgongo wake haujawahi kupata pumziko kama hili tangu azae mtoto wa mwisho.

Nimeshinda! Machozi yamenilenga, sikatai. Nimempigia mwanyumba hapohapo. Nimemsifia godoro dakika arobaini, nikamwambia aweke spika ili shemeji, mkewe, naye asikie. Nikamwagiza kile chumba cha pili akirudishe, hatukihitaji. Akakirudisha. Sauti yake ilikuwa ndogo. Utamu ulioje!

Jumamosi, 9 Agosti

Tumefika ziwani. Safari nzuri, mke wangu kaimba njiani.

Shemeji kaja kuliona godoro. Kasema tangu jana hana raha, anataka kujinyoosha kidogo tu. Kajinyoosha. Mke wangu kajinyoosha kando yake. Nikasikia komeo la ndani.

Jua linazama, dirisha likafunguka. Mke wangu kanipa mswaki na taulo. Kasema dada yake kalala, si vizuri kumwamsha, na nyumba ya wageni kuna godoro la springi.

Kuna moja. Mwanyumba yuko juu yake.

Jumapili, 10 Agosti

Mwanyumba analala kwa mshazari. Springi zinalia kila akipumua.

Asubuhi nimesimama dirishani. Pikapu iko chini kwenye kivuli. Mke wangu amekaa mlangoni mwa kijumba na kikombe, blanketi mabegani, anacheka mpaka chai inamwagika. Hakuna anayemwita. Ni kile kile nilichokitaka, ila mimi niko ghorofani na mwanaume aliyevaa soksi kitandani. Imeniuma. Naandika ilivyo.

Mwanyumba kaja kusimama kando yangu. Kisha kasema polepole kwamba hata yeye alitarajia kuwa na mkewe. Ni mara ya kwanza tumekubaliana jambo.

Nimelitafakari. Kosa halikuwa langu, lilikuwa la nafasi. Kijumba kinahitaji ghorofa! Dada mtu chini na mumewe, mimi na mke wangu juu. Unakata dari, unainua paa, unatandika. Wanawake wameenda kuogelea hadi mchana, na mpishi wa hapa ana msumeno wa mifupa.

Nimekwisha kuchora kwenye magazeti. Mwanyumba ameomba ashuke akapime kwanza. Nimemkatalia kabisa. Vipimo ni kazi yangu, yeye atashika msumeno.