Mstari wa Masale

Jumatatu, 3 Juni 1985
Kikao cha chama cha mpira wa kikapu, mjini. Mwenyekiti wetu, Mzee Crispin, katusomea sheria mpya: ukifunga kutoka nje ya mstari wa mbali, pointi tatu. Nikauliza, je, mguu ukiwa juu ya mstari? Mzee akageuza karatasi, akatazama nyuma. Patupu. Filemon, refa mwenzangu anayejiona kazaliwa na filimbi mdomoni, akasema mstari ni ndani, kwa hiyo mbili. Mimi nikasema mstari ni nje, tatu. Kusema kweli sikuwa na hoja yoyote. Filemon akisema ndani, mimi nikae naye ndani kufanya nini?

Mzee Crispin akatukata kauli. Nusu fainali ya Mwika, Jumamosi, nachezesha mimi. Ile ya mjini, Filemon. Atakayemaliza bila fujo ndiye atakayepuliza filimbi ya fainali. Fainali! Mbele ya mkoa mzima! Naitaka mpaka nasikia njaa.

Jumatano, 5 Juni
Uwanja wa Mwika, huku mlimani, ni udongo mtupu. Chokaa hakuna, mjini wala mlimani. Majivu yanaoshwa na manyunyu. Nimewaza mpaka nikapata. Masale! Kila Mchagga anajua mmea wa sale ni mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, na hakuna anayethubutu kulikanyaga. Nikiyapanda kuzunguka kikapu, mguu gani utagusa mstari? Swali limekufa, Filemon kazikwa nalo. Nimemweleza mke wangu, Eunike. Kaniuliza kama nina homa.

Ijumaa, 7 Juni
Nimepanda. Vikapu vyote viwili. Mgongo hauna hali, lakini kazi safi!

Jumamosi, 8 Juni
Balaa! Nafika uwanjani, nakuta ng'ombe kafungwa chini ya kikapu kimoja. Ni wa Mzee Yohana, mwenye kihamba jirani. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akasema ameamka akakuta mpaka mpya umeanzia kwenye ua wake na kurudi kwenye ua wake, basi kilichomo ndani ni chake, na anamshukuru sana aliyempimia. Nikamwambia huo ni mstari wa pointi tatu. Akauliza tangu lini mpira una kihamba.

Nikaanzisha mchezo hivyo hivyo, ng'ombe akitafuna. Vijana wa Mwika wakagoma kuvuka masale. Wakawa wanarusha kutoka mbali, wanakosa, wanarusha, wanakosa. Wapinzani wao wa Soweto, mtaa wa mjini, ambao wengi wazazi wao wametoka mikoa mingine, wakapita kama hawaoni kitu. Mmoja akang'oa sale kwa kiatu. Mama mmoja akapiga yowe. Kung'oa sale! Nikapuliza faulo. Faulo ya nini? Sijui mpaka sasa. Soweto wakanisukuma mimi, Mwika wakawasukuma Soweto, ng'ombe akakata kamba. Mchezo ukavunjika.

Jumapili, 9 Juni
Mzee Crispin kaniamuru nikamwombe radhi Mzee Yohana amwondoe ng'ombe, labda fainali bado itanihusu. Kwetu, anayekuja na jani la sale mkononi hakataliwi. Nikaenda na sale, na mbege, pombe yetu ya ndizi, juu. Mzee akalainika kabisa, mpaka alipouliza sale nimelichuma wapi. Nikasema pale pale uwanjani, lilikuwa karibu. Mungu wangu! Nimeng'oa mpaka wake nikauombee radhi mpaka wake! Mbege kapokea. Radhi, hapana. Ng'ombe yupo pale pale.

Jumapili, 16 Juni
Fainali mjini, uwanja wa saruji, mstari wa rangi. Filimbi, Filemon. Mimi mezani, kushika saa. Na kweli, kijana mmoja akafunga mguu ukiwa juu ya mstari! Nikasimama kungoja vurugu. Filemon akaonyesha vidole viwili, mchezo ukaendelea. Hakuna aliyebisha. Hata mmoja! Nimeumia, machozi yamenilenga.

Baada ya mchezo Zita, katibu wa chama cha netiboli, akaja mezani. Sheria zao nazo zimebadilika, kuna kifungu hakuna anayekielewa, wanatafuta refa jasiri. Nikamwambia kampata. Akauliza kama nimewahi kuchezesha netiboli. Nikasema mara nyingi. Nikifika nyumbani nitamwuliza Eunike wanacheza watu wangapi.