Kivunja Saumu

Jumatatu, 18 Machi 2024

Habari kubwa! Madam Atabo, mwalimu wetu wa Sayansi Kimu, anatafuta mwanafunzi mmoja wa kuwakilisha shule kwenye maonyesho ya kaunti. Anayetaka alete Alhamisi kifaa cha kusaga kitunguu saumu nyumbani, chenye jina na maelezo. Sijawahi kuchaguliwa kwa lolote ila kufuta ubao. Safari hii ni mimi. Nimeomba kwenye kila swala tangu adhuhuri.

Joy ametangazia darasa zima kwamba shangazi yake ana kibano cha chuma kutoka Nairobi. Unaweka punje, unabana, inatoka kama uji. Akaniuliza mimi nitaleta nini, meno? Nikamjibu kwamba nina kitu cha kisasa zaidi.

Sina kitu.

Jumanne, 19 Machi

Nimejaribu greta ya Mama, ile ya kukwangulia karoti. Saumu kidogo, kidole kingi. Nimejaribu kuponda kwa kitako cha kikombe. Kilikuwa kikombe kizuri cha Akko, nyanya yangu. Kilikuwa. Akko alisema maneno ya Kiborana ambayo siwezi kuyaandika.

Baada ya kufuturu, wazo! Mbao mbili na bawaba, zifunguke na kufungika kama kitabu. Weka saumu katikati, funga, kalia. Mbao zipo. Bawaba je? Mlango wa zizi la mbuzi una mbili. Mlango hauhitaji mbili.

Jumatano, 20 Machi

Mlango unahitaji mbili.

Mbuzi walitoka tukila daku, wakaingia shambani kwa jirani, Mzee Kanchoro. Sukuma wiki imebaki vijiti. Mzee alikuja kumuuliza Baba kama hawa ni mbuzi au ni jeshi kutoka kambini. Baba akaniuliza mimi. Nikasema ni sayansi. Nimepewa kazi ya kumwagilia shamba la Mzee mpaka Idd.

Lakini kifaa kinafanya kazi! Unakalia mara moja tu, saumu inakuwa laini kama siagi. Harufu imeingia mpaka kwenye nywele.

Sasa jina. Mwalimu wa Kiswahili alitufunza vizuri: chukua ki-, weka kitenzi, weka nomino. Kifungua kinywa. Kipaza sauti. Na kamusi inaruhusu kitunguu saumu kiitwe saumu tu. Basi: KIVUNJA SAUMU!

Kaka yangu Jattani, aliye kidato cha tatu, alisoma bango langu akakaa chini, ameshika tumbo. Nikamuuliza kosa liko wapi. Akafuta machozi, akasema sarufi haina kosa hata moja, ila herufi ziwe kubwa zaidi, zisomeke kutoka getini. Mara nyingine ana moyo mzuri. Nikaongeza maelezo chini: "Haraka, bila jasho, hata mchana. Njoo ujaribu!"

Alhamisi, 21 Machi

Ilianza vizuri mno. Meza yangu ilikuwa na foleni! Wavulana wa gredi ya sita, Waislamu watupu, midomo mikavu. Nikafurahi kwamba wavulana sasa wanapenda upishi. Roba, wa kwanza kwenye foleni, alininong'oneza kama kuna maji baridi ama ni chakula tu. Nikamwambia hapa ni saumu tu. Akasema anajua, yake amekuja nayo.

Rafiki yangu Lul akapita, akasoma, akajifunika uso kwa mtandio. "Kabale, woi! Toa hiyo kitu!" Nikaona ni wivu.

Kisha akaja jaji mgeni, Maalim Shuriye wa madrasa. Alisoma bango polepole. Akalisoma tena. "Binti, unavunja saumu ya nani?"

Nikajibu kwa adabu kwamba ya yeyote, Maalim, hata ya familia nzima kwa mara moja.

Foleni ikatoweka. Madam Atabo, ambaye ni Mkristo, akauliza tatizo ni nini. Maalim akaanza kumweleza kwamba sisi tumefunga, na huko kufunga kwenyewe ndiko kunakoitwa saumu. Alipofika kwenye "hata mchana" sauti ikamkatika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Shule nzima ikacheka. Mimi ndipo nikalisoma bango langu kwa mara ya kwanza.

Joy ameshinda. Shangazi alimnyima kibano, akaja na kisu! Aliponda punje kwa ubapa, akanyunyiza chumvi, akakatakata. Jina la kifaa: Kisu. Nani Isiolo hii hana kisu? Baadaye akaja mezani kwangu, akakalia mbao, akasema kweli zinasaga kumshinda. Nikamwambia asante kwa sauti ndogo sana.

Nililia chooni. Kidogo, nisije nikameza machozi.

Jumamosi, 23 Machi

Nimefikiri sana. Kosa lilikuwa la kitunguu. Sikigusi tena.

Na nafasi nyingine imepatikana! Wiki ijayo ni Siku ya Amani hapa Burat. Wazee wa Kipsing na wa Kinna watakutana kusuluhisha ugomvi wa malisho, na Madam anataka mwanafunzi mmoja awaonyeshe kifaa cha jikoni kabla mazungumzo hayajaanza. Jana darasani nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kusema. Amenikubali! Amesema tu nichague jina kwa makini sana.

Nimechagua kwa makini sana. Kifaa ni cha jiko la makaa: mkebe wa rangi, bomba, na feni ya kuzungusha kwa mkono. Jina halina saumu popote, nimelikagua. Nimeliandika kwa rangi nyekundu kwenye shuka zima, lining'inie nyuma ya viti vya wazee:

KICHOCHEA MOTO. Chochea kidogo tu, hauzimiki tena. Wazee watangulie!