Betri ya Shemeji

Jumatatu, 2 Juni
Pikapu imegoma kuwaka. Nimefungua boneti. Vichwa vya betri vimeota unga wa kijani, waya umeliwa, bati la chini limetoboka. Nikafunga haraka. Kama sijaona.

Gari si langu. La shemeji, kaka wa marehemu mke wangu. Aliniachia baada ya mazishi, nibebe mchanga na matofali, nisife njaa. Akilichukua nimekwisha.

Na betri naitunza mimi! Kila mara naijaza maji yake mpaka mdomoni. Betri kama mtu, ikishiba inafanya kazi.

Jumanne, 3 Juni
Nimepata wa kumtwisha. Kinyozi wa jirani. Umeme ulipokatika aliiazima siku moja, anyolee wateja. Simpendi tangu aseme kichwa changu kina kona. Nimempigia shemeji: kinyozi kaua betri, alipe yeye. Shemeji kasema anakuja keshokutwa, tusikilizane wote.

Jumatano, 4 Juni
Ule unga unaonekana wa zamani mno. Nimeukwangua, ubaki kidogo, kama wa siku moja. Betri nzito, nikaipakata. Ikanimwagikia. Suruali imetoboka mapajani, matundu kama chujio. Ndiyo ile aliyonishonea mke wangu.

Nimekaa jikoni. Sikupika.

Alhamisi, 5 Juni
Shemeji kaja na fundi umeme wa magari. Fundi kachungulia tu. Kasema betri ikijazwa kupita kiasi maji yanachemka, yanatoka juu, yanakula kila kitu. Tena si kazi ya siku moja. Kinyozi kaapa hakuongeza hata tone. Shemeji kauliza, basi nani alikuwa anajaza? Nikasema kinyozi.

Wote wakaitazama suruali yangu ya matundu. Ile nyingine ilikuwa kambani, mbichi.

Shemeji hakufoka. Bora angefoka. Kasema, "Shemeji, ungeniambia tu imeharibika. Nilishaamua kununua nyingine mwenyewe."

Akanyoosha mkono. Nikampa funguo. Wakalivuta gari kwa kamba mpaka likapotea kwenye kona. Hakusema atakuja lini tena. Ndugu mwingine anayebisha mlango huu sina.

Ijumaa, 6 Juni
Hakuna kazi. Nimelala na viatu.

Jumamosi, 7 Juni
Kinyozi kagonga. Nikadhani kaja kunicheka. Kaniletea mkokoteni wa marehemu baba yake, nibebee mchanga mpaka mambo yakae sawa. Kaniomba kitu kimoja tu: nisijaze, gurudumu limechoka. Nikamwambia asante, ndugu yangu. Nilimaanisha kabisa.

Nikapakia mchanga wa safari mbili kwa mpigo. Ringi imepinda.

Nimeuegemeza ukutani, upande mzima ukitazama njia. Mchana mama muuza mkaa aliukalia kidogo akipumzisha miguu. Mama mnene, mwili umejaa. Atafaa kutwishwa.