Bikira Aliyetazama Kushoto

Alhamisi, 13 Julai

Nimechaguliwa. Jumapili, sikukuu ya Bikira Maria wa Karmeli, mlinzi wa madereva, mimi Ovidio Arbeláez, muuza viatu, nitaongoza msafara wa pikipiki na malori hadi kanisani, sanamu ya Bikira ikiwa imefungwa mbele ya pikipiki yangu. Si Gildardo wa banda la soseji, aliyeongoza mwaka jana na kutusimulia tangu hapo. Yangu ni pikipiki ya safari ndefu. Ina kava pana la kukinga upepo, kama kifua cha jogoo.

Jioni niliipanda uani nipigwe picha. Nikaachia mkono mmoja ili nipunge. Ikaangukia nguzo ya lango. Taratibu, kwa heshima zote. Sasa pikipiki inatazama mbele, kava linatazama kushoto.

Nimemwambia mke wangu, Nubia, kuwa ni upepo. Kauliza upepo gani huo uliochubua nguzo.

Ijumaa, 14 Julai

Nimempigia simu fundi wa mjini Manizales. Kasema kilichopinda ni chuma kinacholishika kava: nilegeze skrubu zote, nikinyooshe, ndipo nikaze upya. Mafundi kwa kukuza mambo! Mimi nimekaza za kulia tu, kwa nguvu, mpaka kava likaanza kusogea. Kisha kitu kikalia ta. Sikio la plastiki linaloshikilia skrubu limekatika. Sasa kava linatazama kushoto na chini, kama mtu aliyefumaniwa.

Gildardo kapita. Nikaitupia pikipiki shuka. Akauliza kama ina mafua. Nikajibu kuwa nawaandalia watu mshangao. Akasema ana spana nzuri, nikihitaji. Maskini, wivu unamla.

Jumamosi, 15 Julai

Joto hulainisha plastiki. Nimechukua mashine ya Nubia ya kukaushia nywele, nikalipasha kava, nikalifunga kamba kwenye mparachichi, nikavuta. Likaja kulia, zuri kabisa. Nilipofungua kamba likarudi kushoto na kupitiliza. Sasa usukani unakata kushoto bila shida. Kulia unagota kwenye plastiki.

Mashine imeungua. Nubia, nywele nusu mbichi, hasemi nami.

Si neno. Sanamu nitaifunga upande, ili kava likitazama kushoto, Bikira atazame mbele. Na njia imenyooka, isipokuwa kona moja ya uwanjani, kulia kwenda kanisani. Mungu atasaidia.

Jumapili, 16 Julai

Mungu alikuwa na shughuli nyingine.

Mwanzo ulikuwa mtukufu. Maua, fataki, honi. Padri Eladio akitusubiri mlangoni na ndoo ya maji ya baraka. Uwanjani nikakata kulia. Usukani ukagota. Nyuma yangu malori yananisukuma kwa honi, kusimama hakuna. Nikakata kushoto.

Wote wakanifuata. Lori la maziwa, gari la zimamoto, hata gari la kubebea maiti. Na mtaa ule hauna pa kutokea. Unaishia kwenye banda la Gildardo.

Padri alikuja mbio, kanzu kaikunja mkononi, ndoo imebaki nusu. “Ovidio mwanangu, kanisa limehama?”

Nikamwambia nilifuata sauti ya moyoni. Gildardo, ambaye angeweza kunimaliza palepale, akapaza sauti kwamba Bikira ameamua kuanza na wenye njaa. Watu wakashangilia. Padri akanyunyizia magari mtaani humo humo, na soseji zote zikaisha. Nilitaka ardhi inimeze. Nubia akanishika bega. “Walau Bikira umemfikisha mzima,” akasema. Maneno yake ya kwanza tangu jana.

Jumatatu, 17 Julai

Gildardo kaja na spana zake. Hakunicheka, na hilo liliniuma kuliko kicheko. Akalegeza skrubu zote, akanyoosha chuma, akaunga sikio lililokatika, akakaza upya. Kava limekaa sawa kama siku niliyoinunua pikipiki. Akatutolea soseji alizotufichia jana. Si mbaya, lazima nikiri. Nikaapa mbele yake na Nubia kwamba sitaligusa tena.

Alipoondoka nikaona taa imeinama kidogo, unene wa ukucha. Kumrudisha mtu wa watu kwa jambo dogo hivyo ni utovu wa adabu. Nimelegeza skrubu moja tu. Imedondokea ndani.

Si kitu. Nubia yuko sokoni. Nitailaza pikipiki kidogo, itoke yenyewe.