Saa Kumi na Nne za Maeve

Jumamosi, 3 Mei

Fedheha! Nimetolewa klabu na mke wangu, amevaa joho la kulalia na mabuti ya bustani, mbele ya wanachama wote. Na ilikuwa saa moja tu ya jioni.

Mpango ulikuwa safi kabisa. Binti yangu Maeve ana miaka kumi na saba na leseni ya kujifunza. Kibao cha L cha manjano mbele ya gari, kingine nyuma. Sheria inataka mtu mzima mwenye leseni kamili akae kando yake. Mimi ni mtu mzima. Leseni ninayo. Basi yeye aendeshe, mimi ninywe.

Maeve alininusa, akachomoa ufunguo. Akasema msimamizi naye anahesabiwa kama dereva, akilewa ni kosa. Nikamwambia mimi nitakuwa nimekaa tu. Akasema ndiyo, umekaa umelewa. Akampigia mama yake. Noelene alikuja kwa miguu, akaketi kando ya mtoto, mimi nikatupwa nyuma pamoja na mbwa.

Jirani yetu Trevor Haslam aliona yote. Alinipungia mkono. Huyu Trevor amenishinda fainali ya klabu ya kuviringisha matufe nyasini miaka mitatu mfululizo, na bado ananipungia mkono!

Jumapili, 4 Mei

Nimesoma kijitabu cha sheria za madereva wapya. Kumbe dawa ni P nyekundu, kibao cha dereva mpya aliyefaulu mtihani! Ukiipata, unaendesha peke yako. Hakuna msimamizi. Dereva asionje pombe hata tone, asishike simu, asizidi kilomita tisini kwa saa. Lakini abiria? Abiria mwenye miaka hamsini na tatu hakutajwa popote. Anywe mpaka aimbe.

Karamu ya kutoa vikombe pale klabu ni Jumamosi tarehe 17. Mji wetu una teksi moja, na mwenyewe hataki kuniona tangu nilipomwaga supu ya malenge kwenye viti vyake. Kwa hiyo Maeve lazima awe na P nyekundu kabla ya tarehe 17.

Amepangiwa mtihani tarehe 28. Nimeingia kwenye mtandao, nimeusogeza hadi Ijumaa tarehe 16. Sijamwambia mtu. Kiongozi hashauriani na kila mtu.

Jumatatu, 5 Mei

Kikwazo. Hawaruhusu mtihani mpaka mwanafunzi awe na saa mia na ishirini za kuendesha, zimeandikwa moja moja kitabuni: tarehe, njia, namba ya mita ya kilomita, sahihi ya msimamizi. Maeve ana mia na sita.

Nilipomwambia tarehe imebadilika alikifunga kitabu kwanza. Halafu akaniambia taratibu, kama anayeongea na mgonjwa. Tarehe 2 Juni anaanza kazi kwa daktari wa mifugo katika mji wa Mugganong. Ni kilomita hamsini, na basi la abiria hakuna. Ameitaka kazi hiyo tangu akiwa na miaka tisa, tangu siku farasi wetu mzee alipokufa. Alikuwa ameshapiga hesabu: dakika arobaini kila jioni na mama yake, afike tarehe 28 ametimiza bila haraka.

“Baba, ukiharibu hii, sitakusamehe.”

Nimharibie nani? Mimi ndiye ninayemharakishia!

Jumatano, 7 Mei

Nimemweka Maeve barabarani saa tatu mfululizo. Tumezunguka maghala ya ngano mara kumi na moja. Mara ya nane mwenye ghala alitoka kutuuliza kama tumepoteza kitu. Mimi nilishuka, nikabaki kibandani kwake nakula pai, nikimwambia Maeve aendelee. Akagoma. Msimamizi anakaa ndani ya gari, ndivyo alivyosema. Nikamuuliza nani atajua. Akanijibu, “Mimi.”

Saa tatu zile amekataa kuziandika zote. Ameandika mbili na dakika hamsini. Dakika kumi za pai amezitoa! Mtoto huyu simjui amemrithi nani.

Alhamisi, 8 Mei

Amepata homa. Daktari amesema alale wiki nzima. Sasa mtihani utakuwaje? Zinabaki saa kumi na moja na dakika kumi. Kwa urahisi tuseme ni kumi na nne kama mwanzo, maana zile za ghalani bado sijazitia sahihi kitabuni.

Noelene anataka mtihani urudishwe tarehe 28. Nimesema nitashughulikia. Na kweli nashughulikia.

Jumapili, 11 Mei

Kazi nzuri. Nimekaa gereji na kitabu cha Maeve, thermosi ya chai, na kalamu mbili za rangi tofauti. Safari kumi na mbili! Ya kwenda mtoni. Ya kununua mbao. Moja ya ukungu mzito, nimeipenda mwenyewe. Nimeweka na za gizani mbili tatu, maana kijitabu kinazitaka. Saa kumi na nne kamili, na sahihi yangu kila mstari, nzuri kama ya waziri.

Kisha nikampelekea Maeve uji kitandani. Nikamwambia nimehesabu upya na ni yeye aliyekosea kujumlisha, saa zake zimetimia. Aliinuka akakaa. Akauliza, “Kweli, Baba?” Nikasema kweli, na kitabu nitakitunza mimi mpaka siku ya mtihani. Akatabasamu, akanikumbatia, pua inamvuja begani mwangu.

Sijui kwa nini sikulimaliza bakuli langu la uji.

Ijumaa, 16 Mei

Balaa.

Mtahini alikuwa mama mmoja mwenye miwani ya kamba. Alifungua kitabu kabla hata ya kushika ufunguo. Alisoma. Akarudi nyuma. Akasoma tena. Akaniuliza Aprili kwetu ina siku ngapi. Nikasema inategemea. Akageuza kitabu nione: tarehe 31 Aprili, kwenda mtoni.

Nikamwambia kalamu iliteleza. Akauliza kama na gari nalo liliteleza, kwa sababu mita ya kilomita ilikuwa inapungua kila safari. Kwa hesabu zangu tulikuwa tumetoka mtoni kinyumenyume mpaka Machi.

Alimwuliza Maeve kama anazijua safari hizo. Maeve alisoma mstari mmoja, wa pili, wa tatu. Uso ukamwiva. Angeweza kusema ndiyo. Alisema hapana, hazijui, na kwamba saa zake za kweli ni mia na nane na dakika hamsini.

Mtihani umefutwa. Asubiri wiki sita. Mimi nitaletewa faini kwa posta.

 Njia nzima ya kurudi aliendesha kilomita themanini na tisa kwa saa, mikono miwili kwenye usukani, machozi yanateremka, na taa ya kukata kona hakuisahau hata mara moja. Tulipofika langoni akazima gari.

“Nilikuwa nahitaji wiki mbili tu, Baba. Ungeningoja wiki mbili.”

Nilitaka kumwambia habari ya karamu. Nashukuru sikumwambia.

Jumamosi, 17 Mei

Sikwenda karamuni. Nasikia Trevor alipewa kikombe na pia akashinda bahati nasibu ya sinia la nyama. Mbavu za kondoo! Mke wake Joyce hayupo hata nyumbani kula. Mwaka jana alipigwa na kiharusi, yuko kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa Mugganong.

Noelene amepika soseji. Yangu iliungua. Sidhani ni bahati mbaya.

Jumatatu, 2 Juni

Usaliti!

Saa moja na nusu asubuhi nachungulia dirishani. Maeve anatoka amevaa sare ya kijani ya kwa daktari wa mifugo. Anaingia kwenye gari letu. Na nani anafungua mlango wa upande wa pili, amevaa kofia yake ya ushindi? Trevor Haslam!

Noelene amenieleza huku akipaka siagi, bila kuniangalia. Kufungiwa mtihani si kufungiwa kuendesha. Trevor ana leseni kamili na hanywi. Alikuwa akienda kumwona Joyce mara mbili kwa wiki, na macho yake yamechoka na barabara ndefu. Maeve alimgongea mlango wiki iliyopita, akamwomba. Sasa wataenda kila siku. Yeye kazini, mzee kwa mkewe, jioni wanarudi.

Yaani yule mzee amepata dereva. Dereva wangu! Niliyemtengeneza mimi kwa mikono yangu!

Jumatano, 11 Juni

Nimemvizia Trevor kwenye ua. Nimemwuliza kama anajua kazi ya msimamizi ni ngumu, kwamba haruhusiwi kusinzia wala kuchezea simu. Akasema hasinzii, wanaongea. Nikauliza wanaongea nini saa nzima. Akasema mambo mengi. Ng'ombe aliyezaa mapacha. Joyce, ambaye Jumatatu alisema neno la kwanza tangu mwaka jana.

Nikauliza ni neno gani. Akasema, “Alisema ‘umechelewa’.” Akacheka, akajifuta macho kwa kofia.

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nikarudi ndani.

Maeve ameshapita saa mia na ishirini. Anaendelea kuandika tu, hata dakika tano tano. Sahihi ya Trevor ni mbaya mno, kama kuku aliyekanyaga wino.

Jumatatu, 30 Juni

Amefaulu! Mtahini yule yule. Alisema hajapata kuona kitabu kisafi kama kile, kuanzia ukurasa wa Juni.

Maeve alibandua L mwenyewe, akabandika P nyekundu. Noelene alilia. Trevor alilia. Mimi nilikuwa na vumbi jichoni. Nilimwambia Maeve nilijua atafaulu. Akaniangalia kidogo, halafu akanipa L ile ya zamani nikaitupe. Nadhani ni msamaha. Sikuuliza, nikihofia jibu.

Jumamosi, 5 Julai

Leo klabu wana mashindano ya wawili wawili na bia ya nusu bei. Maeve alikuwa barazani anafunga viatu. Akasema anampeleka Trevor kwa Joyce, ingawa sasa hamhitaji tena kama msimamizi, na atarudi alasiri. Akasema nikitaka kupelekwa klabu na kurudishwa, siku yoyote, nimwombe tu.

Nimwombe tu! Ndiyo shida ya vijana, hawana mbinu. Kuomba ni kazi ya watu wasio na akili.

Mimi nilikuwa nimeshapanga tangu Alhamisi. Mashine yetu ya kukatia nyasi, ile ya kukalia, ina magurudumu manne, usukani na mwendo wa kilomita tisa kwa saa. Nimekisoma kijitabu cha madereva wapya chote, ukurasa hadi ukurasa, na hakitaji mashine ya nyasi hata mahali pamoja. Kwa hiyo inaruhusiwa. Nimeinua visu, nimevaa kofia, nimepita barabara kuu katikati ya mji. Magari ishirini na mawili yamenifuata kwa heshima, mengine yakipiga honi.

Naandika haya kwenye kaunta, bia ya nne iko mbele yangu na njia ya kurudi ninayo. Sajini Oakley, askari wetu pekee, ameingia sasa hivi. Ameuliza kwa sauti ile mashine iliyoegeshwa nje ni ya nani.

Hatimaye mtu amevutiwa nayo! Nimenyoosha mkono.