Mahali Salama pa Kuficha Gari la Kijerumani

Jumatatu, 10 Machi 1969

Sikulala. Ijumaa Bwana Mkubwa, mkuu wa kampuni, anakuja kuchagua.

Mambo yenyewe ndiyo haya. Kampuni yetu ya Wendover hatimaye imekubali kutengeneza gari dogo. Kwa miaka wakubwa walicheka. Walisema Mmarekani hawezi kuendesha kiatu. Sasa nchi nzima wauguzi, walimu na wanafunzi wanaendesha viatu, vya Kijerumani na vya Kijapani, na vicheko vimekwisha. Amri ikaja: chukueni gari letu la kati, pua ileile, milango ileile, kateni mkia. Liiteni Kindi. Ndiyo ubunifu wetu huo.

Gari la udongo karakanani ni moja, ukubwa wa gari kamili. Ubavu wa kushoto wangu. Wa kulia wa Lyle Treadway. Ndivyo tunavyoshindanishwa hapa: mkubwa akilizunguka anaona magari mawili. Mkia wangu umekatwa wima, kama mkate uliopitiwa na kisu kikali. Wa Lyle unateremka taratibu kama sabuni iliyotumika. Sabuni! Na watu wanaisifia!

Haskett, mkuu wa karakana, ametangaza kwamba atakayeshindwa anahamishiwa visahani vya majivu. Kitengo kizima kile, chini ya ardhi, hakina dirisha, kazi ni kuchora visahani vya kuzimia sigara. Aliyeteremka huko hajapanda tena. Mimi hata sigara sivuti.

Na balaa haliji peke yake. Gari langu la Wendover liko gereji. Wiki iliyopita nilirudi nyuma kwa kasi nimuwahi Lyle kwenye nafasi ya karibu na mlango, nikakumbatia nguzo. Lyle akaegesha. Basi nimechukua la Bernadine, mke wangu, aliyekwenda Toledo kwa dada yake. Alipoondoka alinionya nisiliguse hata kwa kitambaa. Ni la Kijerumani.

Kuingia Wendover na gari la kigeni! Bora kuingia uchi. Mwaka jana mhasibu mmoja alikuja na la Kijapani. Alilikuta limepakwa mayai, na mwezi haukuisha akawa hayupo. Na kupanda basi ni aibu nyingine, mbunifu wa magari kituoni na mwavuli. Kwa hiyo nimeliegesha nyuma ya kanisa, mbali na lango, nikamalizia kwa miguu ndani ya theluji inayoyeyuka. Lyle aliniuliza mbona suruali imelowa hadi magotini. Nikasema ni mazoezi. Akasema matokeo yanaonekana.

Jumanne, 11 Machi

Padri amenifukuza. Kuna mazishi leo na kesho, anataka uwanja wake. Nilimwomba kwa unyenyekevu. Alisema marehemu ameomba kwanza.

Nilizunguka kama kuku anayetaka kutaga. Ndipo akili ikafunguka. Nyuma ya jengo la sita kuna safu ya magari ya kigeni, madogo matupu, ambayo kampuni hununua ili wahandisi wayachunguze. Hakuna anayeuliza ni ya nani. Ni ya kampuni! Ukitaka kuficha mchele, ufiche ghalani.

Nikang'oa kibati cha namba, kwa kuwa yale mengine hayana. Yale mengine yana kipande cha karatasi kiooni kilichoandikwa KWA UCHUNGUZI. Nikaandika changu, herufi nzuri kuliko zao, nikakibandika. Nikaingiza gari kati ya mawili yanayofanana nalo. Mlinzi alinipungia mkono.

Nilitembea hadi karakanani miguu mikavu. Lyle alishangaa. Haskett alisema mkia wangu una ushupavu fulani. Siku njema kuliko zote mwaka huu.

Jumatano, 12 Machi

Halipo.

Asubuhi nililirudisha palepale; nilipotoka jioni kulichukua, pengo tupu. Kwanza nilidhani wezi. Nikaomba wawe wezi. Kisha nikasikia spana zikilia ndani ya jengo la sita.

Kule ndani ni ufalme wa Tolliver, jitu la miraba minne, mcheshi, kazi yake kubomoa magari ya watu hadi skrubu ya mwisho. Kila kipande hupimwa, huandikiwa uzito, hutundikwa ukutani, wahandisi wakaona Mjerumani kaokoa wapi gramu zake. Milango ya Bernadine imeegemezwa ukutani. Usukani wa Bernadine uko mezani. Injini, hata siitaji.

"Hili la leo tamu kweli, Dudek," Tolliver akaniambia, amefurahi. "Mwenyewe kalitunza kama yai."

Nikamuuliza, kwa kupita tu, kama gari likishafika hapo huwa linarudishwa.

"Lirudi wapi, kaka? Keshokutwa nalipasua katikati kwa msumeno, wakubwa waone mbavu zake."

Nilikaa juu ya tairi. Jumamosi Bernadine anapiga kodiani kwenye harusi ya binamu yake, na kodiani yake haipandi gari lingine. Hairuhusu kwenye buti, hairuhusu kiti cha nyuma. Anataka iwe ubavuni mwake, aione. Ndiyo maana majira haya ya baridi nilikifanyia kiti cha abiria ujanja wangu mwenyewe: mgongo unalala mbele, kiti kinakuwa meza, na mkanda unafunga mzigo. Bawaba nilizitoa kwenye ubao wake wa kupigia pasi. Kazi pekee maishani mwangu iliyomalizika ikafanya kazi.

Nilimsihi Tolliver aache kupasua. Akauliza kwa nini. Nikasema kwa ajili ya sanaa. Alinipa kahawa.

Niseme? Nikisema ni la mke wangu, kazi sina. Nisiposema, mke sina. Maji yamenifika shingoni, nami kuogelea sijui.

Alhamisi, 13 Machi

Siku ya mateso. Haskett alitukusanya wote kwa Tolliver. Katikati, juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cheupe, kiti changu! Akakilaza, akakisimamisha, akakilaza. Sauti ilimlegea. Alisema gari likiwa dogo, nafasi ndiyo kila kitu, na hawa Wajerumani wametuacha mbali kwa bawaba mbili tu. Alitaka Kindi awe nacho. Wahandisi walipanga foleni kukilaza.

Lyle akanyoosha mkono. Akasema kitu kama hicho yeye tayari alikichora kwa ajili ya ubavu wake, ila hakutaka kujigamba.

Nilihisi sikio linawaka. Nikajikuta nasema bawaba zile zinaonekana za Kimarekani. Haskett akaniambia ni aibu kushindwa kumsifu aliyetuzidi, na kwamba wivu ndio unaoharibu mkia wangu. Lyle akatikisa kichwa kwa huruma. Nilitamani kumfunga kwa ule mkanda.

Jioni simu kutoka Toledo. Bernadine anarudi kesho mchana, mapema, afanye mazoezi ya harusi. Aliuliza habari za gari kabla ya zangu. Nikasema nimelipeleka kazini, mabingwa wanaliangalia bure, kila kipande. Ukweli mtupu! Akasema mimi ni mume mwema. Nilishindwa kula.

Lakini sijakata tamaa. Nikishinda kesho, nikiwa mkubwa, nani atanigusa kwa gari la kigeni? Kwa hiyo lazima nishinde. Kabla ya kufunga karakana nimesogeza taa zote kubwa upande wangu. Ubavu wangu unang'aa kama altare. Sabuni ya Lyle iko gizani. Nimeziacha zikiwaka, asubuhi mtu asije akazirudisha.

Ijumaa, 14 Machi

Nitaandika yote.

Udongo wetu hulainika kwa joto. Hivyo ndivyo tunavyoufinyanga, tunaupasha kwanza. Hilo mtoto wa siku ya kwanza karakanani anafundishwa. Mimi nina miaka kumi na miwili humu. Taa zilichoma usiku kucha. Mkia wangu wima ulikuwa umelala kama mdomo wa mtoto aliyenyimwa peremende. Nilijaribu kuunyanyua kwa kiganja. Alama ya kiganja ikabaki pale na vidole vyote.

Bwana Mkubwa akafika, kofia kichwani. Huwa hajadili paa la gari. Huingia akakaa, kofia ikigusa, paa linapandishwa. Alizunguka Kindi mara moja. Kwangu alisimama. Aliuliza ni nani aliyeukalia mkia. Kisha akasema amechagua upande wa kulia. Lyle akawa mwekundu kwa furaha.

Haikutosha. Haskett akasema kuna jambo moja zaidi la kuona, kiti cha Mjerumani. Tukaenda wote jengo la sita, mimi nyuma kabisa.

Bernadine alikuwa amesimama katikati ya jengo. Amevaa koti la safari. Mkononi ana sufuria ya pierogi, sambusa za kuchemsha za kabichi, za kumshukuru mkuu wangu kwa kumtengenezea gari bure. Mlinzi alikuwa amemleta mwenyewe. Mbele yake, msumeno umefika nusu ya paa.

"Kazik," akaniambia, "hili ni gari langu?"

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Bwana Mkubwa aliuliza huyu mama ni nani. Bernadine hakumwangalia. Alikuwa anatazama kiti juu ya kitambaa cheupe.

"Hicho kakitengeneza mume wangu. Bawaba za ubao wangu wa pasi hizo. Majira yote ya baridi napiga pasi sakafuni."

Wote wakanigeukia. Bwana Mkubwa akaja karibu, akaniuliza kwa upole kama ni kweli, kiti kile nimekitengeneza mimi.

Niliona mtego. Kiti changu maana yake gari letu, gari letu maana yake mayai na kufukuzwa kazi. Kichwa kikawa kitupu kama debe.

Nikasema, "Mimi simjui mama huyu."

Tolliver alikohoa. Haskett, aliyekula Krismasi nyumbani kwetu, alitazama dari. Bernadine aliweka sufuria chini taratibu, na sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoogopa utaratibu ule.

Bwana Mkubwa akasema ni bahati mbaya, maana aliyebuni kile kiti angempa kitengo cha viti kizima, leo hii. Na habari ya gari la kigeni, akasema, isimtie mtu hofu. Hata binti yake anaendesha kama hilo.

Nikafungua mdomo. Alikuwa ameshanipa mgongo. Alimwomba Bernadine aeleze anavyolitumia gari dogo. Bernadine akaeleza: mkono ukishikwa na mzigo unafungua vipi, mwanamke mfupi anaona nini nyuma, mtoto analala wapi, kwa nini mlango wa nyuma uwe mpana. Wahandisi walikuwa wanaandika. Anaanza kazi Jumatatu, mshauri wa Kindi. Na kwa gari lake lililokatwa amepewa Wendover mpya, kubwa, ya kijani, mafuta yamejaa.

Pierogi walikula wao.

Jumamosi, 15 Machi

Nimelala kwenye kochi. Bernadine amenisemesha mara moja tu, tulipokuwa njiani kwenda harusini. Gari jipya halina kiti cha kulala, hivyo kodiani ilikaa mapajani mwangu. Aliniambia nisiibane.

Alipiga vizuri mno. Nimemkana mwanamke yule mbele ya watu, na alikuwa amenibebea chakula. Nilimwambia samahani wakati wa keki. Akasema amesikia. Akaongeza kwamba gari la kijani nisiliguse. Nikaapa.

Jumatatu, 17 Machi

Siku ya kwanza visahani vya majivu. Nimeshazoea giza. Ila tangu Ijumaa nimejiuliza namna ya kuurudisha moyo wa Bernadine, na alfajiri ya leo nikapata. Kampuni inamtumia dereva kwa siku yake ya kwanza, basi gari lake lilikuwa limekaa bure uani. Nimelichukua kimya kimya nilipeleke kwa fundi jioni, alitie kiti cha kulala, bawaba mpya za dukani. Atalia kwa furaha!

Tatizo lilikuwa kuegesha. Watu wa visahani hatuna nafasi, na Bernadine akiliona langoni nimekwisha. Nilizunguka, jasho likinitoka, mpaka nikapata mahali salama kabisa: nyuma ya jengo la kugongesha magari ukutani kwa majaribio. Kuna safu nzuri pale, yote ya Wendover, yote mapya, hakuna anayeuliza ni ya nani. Kila moja limeandikwa namba mlangoni kwa chaki. La mwisho lilikuwa saba.

Nimeandika nane.